Mwenye na Mmiliki: Falsafa za Umiliki wa Haki na Suala la Ardhi katika Mwambao wa Kenya

Utangulizi

Katika historia ya Mwambao wa Kenya kuna miaka miwili iliyofuatana ambayo aghalabu husomwa mbalimbali, ilhali ingefaa isomwe pamoja. Mnamo 1907 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitangaza kwamba hadhi ya utumwa haitambuliki tena kisheria katika ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Tangu hapo binadamu hangeweza kuwa mali ya binadamu mwenzake. Mwaka uliofuata, yaani 1908, serikali iyo hiyo ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi, iliyowataka wote waliodai kumiliki ardhi katika ukanda huo wawasilishe madai yao mbele ya msajili. Dai lililokubaliwa lilipewa hati. Ardhi ambayo haikudaiwa na yeyote ilihesabiwa kuwa mali ya Ufalme wa Uingereza. Kwa hivyo, mtu aliyetolewa utumwani mwaka 1907 aliweza kujikuta, muda mfupi baadaye, amesimama juu ya shamba alilolilima ujana wake wote, akiwa huru kabisa na asiwe na mahali pa kusimama.

Athari za miaka hiyo miwili hazijaisha. Hadi leo familia nyingi katika kaunti za Kwale, Mombasa, Kilifi na Lamu huitwa maskwota katika vijiji walimozikwa babu zao. Mjadala kuhusu suala hili huendeshwa zaidi kwa hoja za kisiasa na za kisheria. Makala haya yananuia kulitazama kwa jicho la falsafa. Swali linaloyaongoza ni hili: ni kitu gani kinachoufanya umiliki wa mali, hususan ardhi, uwe wa haki? Wanafalsafa wamelijibu swali hili kwa namna zinazokinzana. Makala yanachambua majibu manne makuu na kuyapima kwa mizani ya ardhi ya Mwambao. Hoja inayojengwa ni kwamba kila jibu limebeba sehemu ya ukweli, na kwamba dhuluma huzuka pale dola inapolishika jibu moja na kuyapuuza mengine.

"Mwenye" na "Mmiliki"

Kabla ya kuwaendea wanafalsafa, inafaa kuisikiliza lugha yenyewe. Njia ya kawaida ya kueleza umiliki katika Kiswahili ni kusema kwamba mtu ana kitu, yaani yu pamoja nacho. Mwenye shamba ni yule ambaye yeye na shamba wako pamoja. Kutokana na "mwenye" limepatikana neno "mwenyeji", ambalo kamusi za kale hulichanganua kuwa ni "mwenye mji". Mwenyeji si lazima awe na karatasi yoyote. Uenyeji wake unatokana na kukaa, kufahamika na kukaribisha wageni.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu neno "miliki", ambalo mzizi wake ndio uliotupa pia "mamlaka" na "malkia". Mmiliki ni mtu mwenye mamlaka juu ya kitu. Anaweza kukiuza, kukirithisha, kukiweka rehani na kumzuia mwingine asikiguse hata kama yeye mwenyewe hajakiona kwa miaka ishirini. Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe, lakini sivyo. Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema, bila kujipinga, kwamba mwenyeji wa mahali fulani si mmiliki wa mahali hapo. Kauli hiyo fupi ndiyo muhtasari wa mgogoro mzima wa ardhi ya Mwambao, na majibu ya wanafalsafa yanaweza kutazamwa kama majaribio ya kueleza ni lini mwenye anapaswa kuwa mmiliki.

Jibu la kwanza: aliyetangulia

Jibu kongwe zaidi linasema kwamba kitu ni cha aliyekishika kwanza. Mwanafalsafa wa Kirumi, Cicero, aliufananisha ulimwengu na ukumbi wa maonyesho. Ukumbi ni wa watu wote, lakini kiti alichokwisha kukikalia mtu ni haki kukiita chake. Uzuri wa nadharia hii ni wepesi wake. Haihitaji mfalme, wakili wala daftari. Anayefika baadaye humkuta mwenziwe amekwisha kukaa, naye hutafuta kiti kingine.

Katika Mwambao, hoja ya kutangulia ina mashiko. Misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2008, ni ushahidi wa makazi yaliyotangulia ukoloni. Hata hivyo, Wamijikenda si wao peke yao wanaoweza kuleta hoja hiyo. Miji ya Waswahili kama Lamu, Mombasa na Malindi ina misikiti na makaburi ya karne nyingi. Wawaata nao, jamii ya wawindaji, wamekuwa katika maeneo hayo tangu jadi. Isitoshe, masimulizi ya Wamijikenda wenyewe yanaeleza kwamba walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini. Anayeijenga haki yake juu ya kutangulia pekee hujiweka katika hatari ya kutokea mwingine aliyemtangulia.

Nadharia hii ina udhaifu mwingine ulio mzito zaidi. Haisemi mipaka ya kiti ni ipi. Aliyekaa juu ya kiti kimoja hawezi kutandaza shuka juu ya safu nzima na kudai kwamba ameikalia. Jean-Jacques Rousseau aliliona tatizo hili. Katika hotuba yake ya 1755 kuhusu chanzo cha ukosefu wa usawa miongoni mwa binadamu, alimtazama aliyeweka ua wa kwanza kuwa ndiye mwanzilishi wa balaa. Miaka saba baadaye, katika kitabu chake kuhusu mkataba wa kijamii, aliikubali haki ya aliyetangulia lakini akaiwekea masharti. Ardhi iwe haijakaliwa na mtu mwingine. Mtu atwae kadiri anayohitaji kwa kuishi. Na aitwae kwa kuilima, si kwa ishara tupu. Sharti hilo la tatu linafungua mlango wa jibu la pili.

Jibu la pili: aliyetokwa na jasho

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. John Locke, katika risala yake ya pili kuhusu utawala iliyotoka mwaka 1689, aliijengea fikra kama hiyo hoja ya kifalsafa. Kila mtu, alisema, anaumiliki mwili wake na kazi ya mikono yake. Anapoichanganya kazi hiyo na kitu ambacho hakikuwa cha mtu, kitu hicho huwa chake. Aliyekata kichaka akapanda amekipa kipande hicho cha ardhi thamani ambayo hakikuwa nayo. Lakini Locke aliweka mipaka miwili: asichukue hadi vitu vikaozea mikononi mwake, na awaachie wengine ardhi ya kutosha iliyo nzuri kama yake.

Wazo hili halikuwa geni katika Mwambao. Sheria ya Kiislamu inatambua kanuni ya kuhuisha ardhi mfu: anayeifufua ardhi isiyo na mwenyewe kwa kuilima, kuichimbia kisima au kujenga juu yake huwa mwenyewe. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi hushurutisha idhini ya mtawala. Wale wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika Mwambao wa Afrika Mashariki, hawashurutishi idhini hiyo. Kwa maneno mengine, kwa mujibu wa fikihi iliyofuatwa na wengi wa Waislamu wa Mwambao, jembe lilitosha.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa nguvu za hoja ya jasho unapatikana katika mwenendo wa wenye mashamba wenyewe. Baada ya utumwa kukoma, waliokuwa watumwa pamoja na Wamijikenda walioteremka kutoka vilimani waliruhusiwa kulima katika mashamba ya watu, mara nyingi kwa kulipa ijara ndogo au sehemu ya mavuno. Waliruhusiwa kupanda mahindi na muhogo. Walichokatazwa mara kwa mara ni kupanda minazi, mikorosho na miembe. Sababu ilikuwa bayana kwa pande zote mbili. Muhindi huvunwa ukaisha, ilhali mnazi husimama kwa miongo mingi, na kwa desturi za Mwambao mti ulitambuliwa kuwa na mwenyewe hata pale ulipokuwa juu ya ardhi ya mtu mwingine. Kumruhusu mtu apande mnazi kulikuwa ni kukiri kwamba jasho lake limezaa haki. Mantiki iyo hiyo iliyotenganisha mti na ardhi ndiyo inayoonekana mjini Mombasa katika utaratibu wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu huimiliki nyumba aliyoijenga na kumlipa mwenye kiwanja kodi ya mahali iliposimama.

Hata hivyo, nadharia ya jasho inakabiliwa na swali lisiloepukika: jasho la nani? Locke alikubali kwamba nyasi zilizokatwa na mtumishi wake ni mali yake yeye bwana, si ya mtumishi. Ikumbukwe pia kwamba Locke mwenyewe aliwekeza fedha katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mashamba ya nafaka ya Malindi na ya minazi kandokando ya Mombasa katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Iwapo kazi ndiyo chimbuko la haki, basi mashamba hayo yalikuwa na wenyewe ambao hawakuwahi kuitwa na msajili. Sheria ya 1907 ilijibu kinyume: fidia ilitolewa kwa waliokuwa mabwana kwa kupoteza huduma za watumwa wao. Waliofanya kazi hiyo hawakulipwa fidia ya miaka yao.

Yupo pia aliyeuliza iwapo kuchanganya kazi na kitu kunatosha kwa dhati. Robert Nozick, mwanafalsafa Mmarekani, aliuliza mwaka 1974: mtu akiimwaga juisi yake ya nyanya baharini na ikasambaa majini, je, ameipata bahari au ameipoteza juisi? Suala hilo si la mzaha. Linaonyesha kwamba jasho peke yake halisemi haki inayotokana nalo inaishia wapi: katika mazao, katika mti, au katika ardhi yote hadi kitovu cha dunia.

Jibu la tatu: aliyeandikwa

Kwa kuwa kutangulia na kufanya kazi huzua ubishi usiokwisha, wanafalsafa wengine waliamua kwamba haki ya mali haitoki katika maumbile bali katika makubaliano. David Hume, katika juzuu ya mwisho ya kitabu chake kuhusu maumbile ya binadamu (1740), alieleza kwamba mali ni zao la mazoea ambayo watu huyakubali kwa sababu bila hayo hakuna amani. Alitoa mfano wa watu wawili wanaopiga makasia katika mashua moja. Hawakuahidiana lolote, lakini kila mmoja hufuata mwendo wa mwenziwe kwa kuwa wote wananufaika. Jeremy Bentham alikwenda mbali zaidi akashikilia kwamba mali ni mtoto wa sheria: ikiondolewa sheria, mali nayo hutoweka.

Kiswahili kinayo methali inayokaribiana na msimamo huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ina busara ya wafanyabiashara. Daftari humlinda mjane dhidi ya mashemeji, humwezesha mkulima kukopa, na humwepusha mnunuzi na muuzaji wa hila. Jamii isiyo na kumbukumbu ya nani ana nini huiachia nguvu iamue, na mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Lakini mfano wa Hume una sharti lililojificha. Ili makubaliano yawe makubaliano, kila aliyemo katika mashua lazima awe ameshika kasia. Utaratibu wa 1908 haukuwa hivyo. Uliwafaa waliojua lugha ya mahakama, waliokuwa na maandishi au mashahidi wa aina iliyotambuliwa, na waliodai kama watu binafsi. Jamii iliyoishika ardhi kwa pamoja kupitia ukoo na kaya haikuwa na jina moja la kuandikwa mbele ya msajili. Kimya chake kilitafsiriwa kuwa hakuna mwenyewe. Makubaliano yaliyofuata yaliutia nguvu msingi huo. Mnamo Oktoba 1963, ukanda wa maili kumi ulipounganishwa na Kenya iliyokuwa ikielekea uhuru, viongozi wa Kenya na wa Zanzibar waliafikiana kwa barua kwamba hati za umiliki zilizokwisha kusajiliwa Mwambao zitaendelea kutambuliwa. Maskwota hawakuwa upande wowote katika barua hizo.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 iliipeleka nadharia ya daftari hadi ukingoni. Iliruhusu mahakama kurekebisha daftari kwa sababu ya ulaghai au kosa, isipokuwa pale usajili ulipokuwa wa kwanza. Aliyewahi kuandikwa mwanzo alikingwa hata kama aliandikwa kwa hila. Hapa sheria ilitamka waziwazi kwamba uhakika wa daftari una thamani kuliko ukweli wa kilichoandikwa ndani yake.

Kuna kinaya kingine katika jibu hili. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyeikalia ardhi ya mtu mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, kwenda mahakamani kuomba asajiliwe kuwa mmiliki. Kanuni hiyo ni ya Kihume, kwa maana inageuza mazoea ya muda mrefu kuwa haki. Lakini sharti lake ni kwamba ukaaji uwe bila ruhusa ya mwenye hati, nayo haitumiki dhidi ya ardhi ya serikali. Familia iliyobisha hodi, ikaomba pa kulima na kulipa ijara kila mwaka kwa vizazi vitatu haiwezi kuitumia, kwa kuwa ilikaa kwa idhini. Aliyevamia bila salamu anaweza kufaulu. Sheria inayomnyima mwungwana na kumpa mvamizi haiwezi kusemekana kuwa imemaliza swali la haki.

Jibu la nne: ardhi ni amana

Majibu matatu yaliyotangulia yanakubaliana katika jambo moja: ardhi inaweza kuwa ya mtu kama shati lilivyo lake. Julius Nyerere alilipinga wazo hilo. Katika andiko lake la 1958 kuhusu mali ya taifa, alishikilia kwamba ardhi ni tunu ya Mungu kwa viumbe wake wote. Anayeilima anastahili kumiliki kile alichokiongeza juu yake kwa kazi yake, lakini hakuiumba ardhi yenyewe na kwa hiyo hawezi kuiuza kama bidhaa. Katika hoja hiyo Nyerere anamrekebisha Locke badala ya kumkataa. Anaiacha haki ya jasho lakini anaikomesha mahali ambapo jasho limeishia. Tanganyika iliufuta umiliki huru wa ardhi mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inaeleza kwamba ardhi yote ni ya umma, nayo imewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi.

Mwambao nao una asasi yake kongwe ya amana, nayo ni wakfu. Mtu anapoiweka shamba au nyumba wakfu, huiondoa katika mzunguko wa kununua na kuuza. Msimamizi hulinda asili ya mali na kugawa manufaa yake tu, iwe kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi cha mtoaji. Pasipo kuhitaji nadharia ya kigeni, wakfu umeonyesha kwa karne nyingi kwamba mali inaweza kuwa na walinzi na wanufaika bila ya kuwa na mmiliki kwa maana ya mwenye mamlaka kamili.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba fikra ya amana ndiyo fikra ya Waafrika wote. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, alikanusha vikali dhana kwamba ardhi yao ilikuwa ya kabila zima bila wenyewe. Alisisitiza kwamba kila kipande kilikuwa na familia iliyokimiliki na kwamba mipaka yake ilijulikana. Alikuwa na sababu nzuri ya kusisitiza hivyo. Wakoloni walikuwa wameitumia dhana ya ardhi ya kabila kudai kwamba hakuna Mwafrika aliyenyang'anywa chochote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na chake. Kwa hivyo, kauli kwamba ardhi ni ya wote inaweza kumkinga mnyonge, na inaweza vilevile kumvua nguo.

Historia ya Kenya baada ya uhuru inathibitisha hatari hiyo. Ardhi za jamii ziliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya yaliyopaswa kuzilinda kwa niaba ya wakaazi. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi za umma na za jamii zilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, mara nyingi na wale wale waliokabidhiwa dhamana ya kuzitunza. Amana inahitaji mwaminifu. Pasipo njia ya kumwajibisha mdhamini, neno "umma" hugeuka kuwa ngazi ya wachache.

Kurekebisha yaliyopita

Ikiwa umiliki wa leo umejengwa juu ya dhuluma ya jana, je, unaweza kuwa wa haki? Nozick, ambaye ni mtetezi mkubwa wa mali ya kibinafsi, anajibu kwamba hauwezi. Kwake yeye mali ni halali ikiwa ilipatikana kwa haki na ikapita kutoka mkono hadi mkono kwa haki. Penye dhuluma katika mnyororo huo, lazima marekebisho yafanywe. Jeremy Waldron, katika makala yake ya 1992, alitahadharisha kwamba hali zinaweza kubadilika hadi dai la zamani likapungua nguvu, hasa pale watu wasio na hatia wanapokuwa wamejenga maisha yao juu ya ardhi ile.

Ni muhimu kuona kwamba katika Mwambao hoja ya Waldron inaelekea pande zote mbili. Kwa kawaida hutumiwa kumkinga mwenye hati aliyeinunua kwa nia njema. Lakini waliojenga maisha yao juu ya ardhi yenyewe ni maskwota, wala si mmiliki anayeishi mbali nayo. Mwenye kovu, wahenga walionya, usidhani kapoa.

Kenya imeanza kusogea kutoka daftari tupu kuelekea chanzo cha daftari. Katiba ya 2010 inatamka katika Kifungu cha 61 kwamba ardhi yote ni ya watu wa Kenya kwa pamoja, wakiwa taifa, jamii na watu binafsi. Kifungu cha 40 kinalinda mali lakini kinaikatalia ulinzi huo mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 iliiondoa ile ya 1963 pamoja na ile ya 1908, na inaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria au kwa ufisadi. Mnamo Aprili 2023, katika kesi iliyohusu kiwanja karibu na ufuo wa Nyali, Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haitoshi kuwa kinga ikiwa ugawaji ulioizaa haukuwa halali. Nako Likoni, mwaka 2016, wakaazi wa shamba moja kubwa walikabidhiwa hati baada ya serikali kumlipa mwenye ardhi. Katika tukio hilo dola ilikiri madai mawili kwa wakati mmoja: la aliyeandikwa, kwa kumlipa, na la aliyekaa, kwa kumwandika.

Hata marekebisho yana mipaka yake ya kifalsafa. Sheria kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 iliipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi uwezo wa kuchunguza dhuluma za kihistoria zilizotendeka kati ya Juni 15, 1895, siku Kenya ilipofanywa himaya ya Uingereza, na Agosti 27, 2010, siku Katiba mpya ilipozinduliwa. Tarehe ya kwanza inaleta maswali. Mashamba ya Mwambao yaliyolimwa na watumwa yalikuwako kabla ya 1895. Kwa kuuanzisha wakati wa dhuluma siku hiyo, sheria humshtaki mkoloni Mwingereza na kuyaacha ya kabla yake bila hakimu. Huenda hapana budi kuchora mstari mahali fulani, lakini kila mstari unaochorwa humwacha mtu nje.

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba kila nadharia inajibu swali lake. Kutangulia kunajibu ni nani aliyekuwapo. Jasho linajibu ni nani aliyeipa ardhi thamani. Daftari linajibu ni nani anayetambuliwa na wengine. Amana inajibu ni nani watakaoihitaji kesho. Dhuluma ya 1908 haikutokana na kuandika, kwa kuwa kuandika ni jambo la heri. Ilitokana na kuuliza swali moja tu na kuyachukua majibu yake kuwa ni majibu ya maswali yote manne. Umiliki unastahili kuitwa wa haki pale mmiliki anapoweza kuyakabili maswali hayo yote mbele ya jirani zake, na pale asipoweza kulijibu moja, awe tayari kulipia upungufu huo kwa kugawana, kwa kufidia au kwa kuwaachia wengine njia.

Wanafunzi na walimu wa Kiswahili wana sehemu yao katika kazi hii. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, lakini sheria za ardhi hutungwa kwa Kiingereza na hati huandikwa kwa Kiingereza. Mwanakijiji wa Kwale au Kilifi huelezwa haki zake kwa lugha ambayo huenda haisomi, na hupewa jina la skwota ambalo limetoholewa kutoka lugha iyo hiyo. Inafaa kuulizwa kwa nini Kiswahili, chenye mwenye, mwenyeji, mmiliki, mpangaji, mdhamini, ijara, amana na wakfu, kililazimika kulikopa neno hilo. Kutafsiri sheria hizo kwa Kiswahili sanifu, na kuyaingiza maneno haya katika mijadala ya mabunge ya kaunti na ya vikao vya vijijini, kungeiwezesha familia inayoishi katika ardhi yenye ubishi kulitaja dai lake kwa neno linalomfaa, kabla ya mwingine kulitaja kwa niaba yake.